Kelele ya Mwendo wa Keki

Kelele ilianza asubuhi ambayo Mama Keki alikuwa amebeba keki yenye umbo la treni, mabehewa manne, kila behewa limejaa peremende hadi juu. Alikuwa anaendesha kama anavyoendesha siku zote akiwa na mzigo wa namna hiyo, polepole kiasi kwamba baiskeli zilimpita, na wenye baiskeli wakageuka kumtazama kwa huruma. Ndipo akaisikia. Kongo... kongo... kongo. Kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko cha mbao huku akiwaza mambo mengine.

Alizima redio. Kongo... kongo... Akafungua kioo. Ikaongezeka. Alipofika barabara kuu akakanyaga mafuta ili asiwachoshe waliokuwa nyuma yake, na kelele ikakatika, kimya kama haikuwahi kuwapo. Alipopunguza mwendo karibu na nyumba ya mteja aliyeagiza keki, ikarudi palepale.

Treni ilifika salama, mabehewa yote. Lakini Mama Keki alirudi nyumbani na wasiwasi, kwa sababu kile kigari cheupe cha mizigo ndicho kilichokuwa mkono wake wa kulia. Mwaka uliopita, siku moja tu, alikodi gari la mtu mwingine lenye dereva wake. Dereva akashika breki kwa ajili ya mbuzi, mbuzi akapona, keki ya ghorofa tatu ikawa uji. Tangu hapo aliapa kwamba keki yake haitapanda gari asiloliendesha mwenyewe. Na Jumamosi ile alikuwa na harusi ya ghorofa tano.

Alivumilia hadi siku ya pili; mumewe alipotoka kazini, akamweleza. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu anayeweza kubishana na kalenda ikimwambia leo ni Jumatatu. Lakini kuna mtu mmoja duniani ambaye Mwalimu hakubishana naye.

"Twende kwa Profesa," alisema, hata kabla hajavua viatu.

Profesa alikuwa fundi wa magari mtaa wa pili kutoka kwao. Jina hilo hakulipata darasani. Alilipata kwa ile miwani yake iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na kwa tabia yake ya kufumba macho kabla ya kusema ugonjwa wa gari. Hakuwa tapeli, wala hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Alikuwa amefufua magari ambayo wenyewe walishayafanyia matanga. Ndiyo maana gereji yake haikukosa watu waliokuja bila gari wala shida, wakakaa kwenye viti vibovu vilivyong'olewa magarini, wakimsikiliza na kuitikia.

Walipofika, Profesa aliweka kiganja juu ya boneti, akamwambia Mwalimu awashe injini, akafumba macho. Wale wa vitini, wapambe wake, wakasogea karibu.

"Haisikiki likiwa limesimama," alisema Mama Keki. "Mpaka litembee. Na litembee polepole."

Profesa hakufumbua macho. "Mama, niache nimsikilize mgonjwa."

Baada ya hapo aliingia mwenyewe kwenye usukani, Mama Keki kando yake. Wakatoka getini taratibu, juu ya mchanga na vipande vya matofali. Kongo... kongo...

"Ndiyo hii?" alisema Profesa.

"Si ndiyo hiyo!"

Profesa akakanyaga mafuta. Wakapita duka la vitabu, wakapita kituo cha polisi, wakazunguka mzunguko wa barabara kwa mwendo ambao Mama Keki hakuwahi kukipeleka kile kigari tangu akinunue. Kelele hakuna. Waliporudi gereji, Profesa alishuka, akavaa miwani, dalili kwamba hukumu imepatikana.

"Gia boksi," alisema. "Ndani kuna meno yameliwa. Mafuta yakiwa chini, meno yanagongana, ndiyo unasikia hiyo ngoma. Ukienda mbio mafuta yanapanda juu, yanalainisha, unaona kimya. Lazima ishuke yote, ifunguliwe. Acheni gari hapa. Wiki ijayo, mwishoni mwishoni, tutakuwa tunajua tuko wapi."

"Umeona?" Mwalimu alimwambia mkewe, kana kwamba ni yeye aliyegundua.

Mama Keki alisimama akitazama kigari chake. Maelezo yalikuwa mazuri. Yalikuwa na kichwa na miguu. Lakini kuna kitu kilimwasha, kama ganda la yai ndani ya unga, ambalo hulioni ila unajua limo.

"Fundi," alisema, "samahani nikuulize. Kitu kilichovunjika si ndiyo kingelalamika zaidi kikifanyishwa kazi kubwa? Mbona hili likikimbizwa ndiyo linapona?"

"Nimekwisha kukueleza, mama. Mafuta."

"Sawa. Na kupandisha mlima? Jana nimepandisha mlima wa kanisani na gia ya kwanza, nalo limelia vilevile, halikuongeza wala kupunguza. Nikateremka bila kukanyaga mafuta, likalia vilevile."

"Gia boksi ina mambo mengi."

"Na hii kelele imeanza baada ya wewe kutubadilishia matairi. Siku chache tu baadaye."

Hapo Profesa alivua miwani. Mpambe mmoja, mwuza vocha mwenye tumbo, akaguna kama aliyeona mtu akikanyaga mkia wa mbwa aliyelala.

"Mama Keki," alisema Profesa, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, "mimi nikija jikoni kwako nikakwambia oveni yako haina moto wa kutosha, utanisikiliza?"

"Nitakuuliza umejuaje," alisema Mama Keki.

Wapambe wakacheka. Mwalimu akatazama viatu vyake. Profesa naye akacheka kidogo, akapunga mkono. "Matairi hayalii hivyo. Gari hili likikuacha njiani na harusi ya watu mgongoni, usiseme Profesa hakukwambia."

Maneno hayo yalimwingia. Alijiona yuko katikati ya barabara, amevaa aproni, ghorofa tano nyuma yake zinayeyuka jua likiwa utosini. Akataka kusema basi, naliacha. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini kilichotoka ni kingine.

"Naomba nirudi nalo nyumbani kwanza. Nikafikirie."

Ndani ya gari Mwalimu alifunga kioo na kungoja wapinde kona. Kisha akasema, "Umenitia aibu."

"Nimeuliza tu."

"Yule ni fundi wa miaka chungu nzima. Wewe ni..."

"Mimi ni nani? Malizia."

Mwalimu hakumalizia. Hakuwa mjinga kiasi hicho.

Nyumbani walimkuta wifi, dada yake Mwalimu, ameketi jikoni anakata maua ya sukari kwa ajili ya ile harusi. Wifi alikuwa msusi, mwenye vidole vya kazi na mdomo usio na kufuli. Alipoona kaka yake amepita moja kwa moja chumbani bila salamu, akaweka kisu chini.

"Mmegombana nini tena, wifi? Au kaka yangu kaambiwa mbili na mbili ni tano?"

Mama Keki alimsimulia yote huku akifunga aproni. Alitegemea wifi amtetee kaka yake, maana damu nzito kuliko maji. Lakini wifi alisikiliza hadi mwisho, ameshika ua moja la sukari hewani, akauliza swali ambalo hakuna mtu gereji aliyeliuliza.

"Inalia wapi?"

"Ndani ya gia boksi, ndivyo alivyosema."

"Simwulizi yeye, nakuuliza wewe. Mbele? Nyuma? Kulia? Kushoto?"

Mama Keki alikitazama kigari kupitia dirishani. Hakujua. Ukiwa kwenye usukani, kelele inatoka kila mahali.

"Basi tukaisake," alisema wifi, akajifuta sukari mikononi. "Wewe endesha, mimi nitatembea."

Ndivyo mtaa ule ulivyopata sinema ya bure. Kigari cheupe kilikuwa kinatambaa kama kobe aliyeshiba, na kando yake mwanamke mnene mwenye kilemba chekundu akitembea ameinama, sikio moja limeelekea gurudumu la nyuma, mkono mmoja juu kama askari wa barabarani. Watu walitoka madukani. Kinyozi alimwacha mteja wake na povu shingoni.

"Wifi umepoteza hereni?" mtu mmoja aliuliza.

"Nimepoteza mume, nasikia yuko humu chini!" alijibu wifi bila kuinua kichwa. "Nyamazeni, nisikie!"

Nyuma kulia, hakuna. Nyuma kushoto, alisikia, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani. Mwisho wa mtaa wakageuza. Mbele kulia, hakuna kabisa. Akavuka mbele ya gari, karibu agongwe, akaenda mbele kushoto. Akatembea hatua kadhaa ameinama. Ghafla akapiga boneti kofi.

"Simama! Hapa! Hapa ndipo penye maneno!"

Mama Keki alishuka mbio. Gurudumu lilikuwa kama mengine tu: tairi jipya, na katikati ule mfuniko wa plastiki wa rangi ya fedha. Hakuna kilichoonekana.

"Rudia," alisema. "Safari hii mimi natembea. Wewe endesha."

"Mimi? Sijui kuendesha hata toroli."

"Nitaendesha mimi," sauti ikasema nyuma yao.

Mwalimu alikuwa amesimama pale na ndara zake. Alikuwa amewatazama dirishani kwa muda. Hakuomba radhi, hakueleza, aliingia tu kwenye usukani akaachia klachi taratibu kuliko Mama Keki alivyojua kwamba anaweza.

Mama Keki alitembea ameinama, macho kwenye gurudumu. Alichagua tundu la kujazia upepo liwe alama yake ya kutazama. Tundu likipanda juu, kimya. Tundu likishuka chini, kongo. Likipanda, kimya. Likishuka, kongo. Akahisi joto likipanda kifuani, lile joto la kufungua oveni na kukuta keki imeumuka sawasawa.

"Kila likizunguka mara moja, linalia mara moja!" alimpigia mumewe kelele. "Mara moja tu!"

Mwalimu alisimamisha gari. Alikaa kidogo, akitazama mbele, na Mama Keki aliona midomo yake ikihesabu. "Meno ya gia boksi hayazunguki sawa na gurudumu," alisema polepole. "Yangekuwa ndiyo, ungesikia mara nyingi zaidi. Hii..." Akashusha kioo chote. "Hii kitu iko kwenye gurudumu lenyewe. Kuna kitu kinaanguka humo. Ukienda mbio kinang'ang'ania ukingoni, hakipati nafasi ya kuanguka. Ndiyo maana kinanyamaza."

"Kwa hiyo?" alisema Mama Keki.

"Kwa hiyo," alisema Mwalimu, na maneno yalimtoka kwa shida kama mwiba, "uliuliza vizuri."

Wifi alikuwa ameshakimbia ndani na kurudi na kile kisu bapa cha kupakia krimu. "Tufungue mfuniko!"

Mama Keki alikitazama kisu, akatazama mfuniko. Alitamani. Lakini akatikisa kichwa.

"Hapana. Tukifungua hapa, tutaambiwa tumekiweka sisi. Tunafungulia kule kule, mbele ya mwenyewe."

Basi msafara ukaanza. Gereji haikuwa mbali, na Mama Keki alikwenda kwa mwendo wake wa keki, Mwalimu kando yake, wifi akitembea nje upande wa kushoto kama mlinzi wa rais, kisu bapa mkononi. Kinyozi akafuata. Mteja wake akafuata, povu limeshakauka. Walipoingia getini, wapambe waliinuka kwenye viti vyao vibovu.

Profesa alitoka chini ya lori akijifuta mafuta mikononi. "Umekubali kuliacha, mama?"

"Shikamoo kwanza, fundi," alisema Mama Keki, ingawa saa chache tu zilikuwa zimepita tangu wasalimiane. Alihitaji muda wa kutuliza sauti. "Nimekuja na ombi moja. Utembee na mimi hatua ishirini. Basi. Ukimaliza, ukisema tena ni gia boksi, nitakuachia, harusi nitaibeba kichwani."

"Nitembee?"

"Kando ya gurudumu la mbele kushoto. Mwalimu ataendesha."

Mwuza vocha akaanza kucheka, akatazama uso wa wifi, akaacha.

Profesa alisita. Watu wote walikuwa wanamtazama. Angeweza kukataa, na heshima yake ingebaki pale kwenye kamba ya miwani. Lakini alikuwa fundi kweli, na fundi kweli akiambiwa kuna kitu hajakisikia, sikio humwasha. Akainama. Gari likasogea. Kongo. Akasogeza kichwa. Kongo. Akafumba macho, kisha akayafumbua haraka, na hakuyafumba tena.

"Simama," alisema. "Simamisha gari! Usisogee tena!"

Alipiga magoti kwenye mchanga. Hakuomba bisibisi, wifi alimwekea kisu bapa mkononi naye akakitumia bila kukitazama. Mfuniko ukabanduka. Nati moja ikadondoka, ikagonga jiwe, ikabingirika hadi kwenye kiatu cha Mama Keki.

Kwenye gurudumu, bolti moja ilikuwa tupu. Profesa akashika nati ya jirani yake kwa vidole viwili, bila spana, akaizungusha. Ikazunguka, laini, kama kifuniko cha chupa ya maji. Akashika ya tatu. Nayo vilevile.

"Mungu wangu," alisema Mwalimu, akashuka garini.

Mama Keki aliuona ule mlima wa kanisani, alivyouteremka jana huku akiimba. Aliona gurudumu likimtangulia. Akashika mlango wa gari asianguke. Kumbe kile kilichokuwa kinagonga siku zote hizo kilikuwa kinambishia hodi.

Profesa alipoinuka, miwani ilikuwa inabembea kifuani na hakuivaa.

"Haya matairi niliyafunga mimi," alisema. Hakumwambia yeye peke yake, aliwaambia wote, hata wale walioko getini. "Mikono hii. Hili la kushoto nilikaza nati kwa vidole, simu ikaita, nikaongea, nikarudi nikafunga mfuniko nikijua nimeshamaliza kwa spana. Mama aliniambia kelele imeanza kwa matairi. Aliniambia mara moja, kwa Kiswahili safi, nami nikamjibu kwa kiburi." Akamgeukia. "Ningeshusha gia boksi, ningeifungua, nisingekuta kitu. Na siku ya kuijaribu barabarani, hili gurudumu lingemwua mtu. Nisamehe, dada."

Mama Keki alikuwa ameandaa maneno. Njia nzima alikuwa akiyapanga, makali, matamu, ya kumaliza kazi. Sasa yalikuwa yamemtoka kichwani, na hakuyahitaji. Alisimama pale, na mtaa mzima nyuma yake, akajiona mrefu kuliko alivyo.

"Nimekusamehe," alisema. "Kaza nati zangu. Zote nne nne, magurudumu yote. Nami nitasimama hapa nikitazama."

"Simama," alisema Profesa. "Simama karibu kabisa."

Alikaza kila nati kwa spana ndefu, akiegemea kwa uzito wake wote, na kila alipomaliza moja alisogea pembeni ili Mama Keki ajaribu kwa mkono wake mwenyewe. Mwuza vocha alimletea kiti, kile kizuri, kisichochomoka sponji. Hakukikalia.

Jumamosi ghorofa tano zilipanda kigari cheupe. Wifi alikaa nyuma, ameikumbatia keki bila kuigusa, kama mtu anayelinda moto wa mshumaa. Mwalimu alikaa mbele na sanduku la maua magotini. Walipita mashimo, wakapita tuta la shule, wakapanda mlima wa kanisani na kuuteremka, na kilichosikika ni matairi tu yakisugua lami na Mwalimu akimwambia kila dakika, "Vizuri, mke wangu, vizuri."

Ukumbini, Mama Keki alipoweka ghorofa ya mwisho juu ya nyingine na kurudi hatua mbili nyuma, mama wa bibi harusi alishika mdomo kwa mikono miwili. Halafu akapiga kigelegele kirefu, akaanzisha kingine kabla cha kwanza hakijaisha, na wanawake waliokuwa wakipanga viti wakadakia, ukumbi mtupu ukajaa.

Baadaye, jikoni kwa wapishi, Mama Keki alivua viatu akaketi juu ya kreti ya soda, miguu imemvimba, sahani ya wali mapajani. Wifi alikuwa amezungukwa na wapishi wote, anasimulia. Mara ya kwanza ilikuwa nati moja imeanguka. Mara ya pili zilikuwa tatu, na gurudumu lilikuwa linaning'inia kwa uzi. Kufikia mara ya tatu hapakuwa na nati hata moja, Profesa alikuwa amelia machozi mpaka kamba ya miwani ikalowa, na Mama Keki alikuwa ameingia gereji na kisu mkononi.

"Ni kweli, Mama Keki?" mpishi mmoja aliuliza, macho yamemtoka.

Mama Keki alitafuna taratibu, akameza, akanywa maji.

"Muulizeni huyo huyo," alisema. "Yeye ndiye aliyetembea."